NCLEX-PN inapima nini hasa, na kwa nini wengi wetu tunaisoma vibaya

Siku niliyofanya NCLEX-PN, mtihani wa leseni ya unesi huku Marekani, mara ya kwanza kompyuta ilizima kwenye swali la 85. Nikatoka pale nimejaa furaha, maana kwenye grupu letu la WhatsApp kila mtu alikuwa anasema ikizima 85 basi umepita, nikampigia mama Tanga, kule kwao ni usiku wa manane, nikamwambia mama mwanao ameshakuwa nesi, mama akapiga vigelegele mpaka akaamsha nyumba nzima. Siku mbili baadaye nikalipia majibu ya haraka nikakuta nimefeli. Mara ya pili kompyuta ilinipeleka mpaka swali la 127, nikakaa kwenye gari nikalia, sikumpigia mtu, na kumbe nimepita.

Kwa hiyo nataka nieleze huu mtihani unafanyaje kazi kwa ndani, kwa Kiswahili, kwa sababu nimeona dada zangu na kaka zangu wengi wanafeli wakati masomo wanayajua kabisa. Wanakwenda na akili ya "nitaulizwa ninachojua", na mtihani wenyewe unauliza kitu kingine: nikikuachia hawa wagonjwa usiku utaanza na nini, na je unajua kazi yako inaishia wapi.

Kwanza tuwekane sawa. LPN (licensed practical nurse) ni nesi aliye katikati, juu yake kuna RN (registered nurse) na chini yake kuna CNA, yule msaidizi anayeogesha, kulisha na kubadilisha nepi, kazi ambayo wengi wetu tuliokuja kubeba boksi Marekani ndo tumeanzia. Texas na California wanamwita LVN lakini ni mtu yule yule na mtihani ule ule. Shule ni kama mwaka mmoja hivi, ukimaliza unafanya NCLEX-PN, inayotungwa na NCSBN, baraza la bodi za uuguzi lenye makao Chicago, halafu leseni yenyewe unapewa na bodi ya jimbo lako. Aliye Ontario au British Columbia kule Kanada ana mtihani wake, unaitwa REx-PN, ulianza Januari 2022, watungaji ni hao hao NCSBN, mengi humu yatamfaa lakini taratibu za kujiandikisha afuate za kwao. Na wewe uliyesomea unesi nyumbani ukasajiliwa kule, usikimbilie PN kwa kuwa umesikia ni nyepesi, uliza kwanza bodi ya jimbo unakotaka kwenda, mara nyingi njia yenu ni NCLEX-RN.

Sasa hiyo kompyuta.

Sisi tumekulia NECTA, ile mitihani ya taifa ya Tanzania. Pepa ni moja nchi nzima, wote mnafungua muda mmoja, maswali ni yale yale kwa mtoto wa Ilboru na mtoto wa shule ya kata, mtu anakaa anasahihisha, unapata alama zako. Ukiingia NCLEX na akili hiyo utachanganyikiwa, kwa sababu pale mimi na wewe tunaweza kukaa viti vinavyofuatana na tusipewe swali moja linalofanana, na mwisho hakuna alama, unaambiwa umepita au hujapita, basi.

Mkumbuke muuza duka mwenye mizani ya mawe. Umempelekea karanga, hajui zina uzito gani. Anaweka jiwe la kilo, mizani inalala upande wa jiwe, analitoa anaweka la nusu, karanga zinashuka, anaongeza la robo, anatoa, anaweka dogo zaidi, mpaka ule mkono unatulia katikati. Hapo ndo anajua. NCLEX inafanya hivo tangu 1994. Ukipata swali, linalofuata linakuwa zito kidogo, ukikosa, linalofuata linakuwa jepesi kidogo, na kila ukijibu kompyuta inapiga hesabu upya ya uwezo wako halafu inakutafutia swali ambalo kwako ni nusu kwa nusu, yani una nafasi sawa ya kupata na kukosa.

Fikiria maana yake. Kama kila swali limechaguliwa liwe nusu kwa nusu kwako, basi kila mtu anatoka na hisia kwamba amekosa karibu nusu ya mtihani. Yule aliye bora kabisa na yule aliye hafifu wote wanatoka wamepigwa, tofauti yao ni uzito wa mawe waliyopimwa nayo. Ndo maana hisia yako ya pale kwenye maegesho ya magari haina habari yoyote ndani yake, na mimi nilivyoitegemea mara mbili ilinidanganya mara mbili.

Kuna mstari wa kupita, na huo mstari ni sehemu kwenye hiyo ngazi ya ugumu wa maswali. Kwa PN uliwekwa -0.18 mwezi Aprili 2020, wakaupitia tena wakaubakiza hivo hivo kwa kipindi cha Aprili 2023 mpaka Machi 2026, huwa wanaupitia kila miaka 3. Hiyo namba usiihangaikie. Kitu cha kushika ni kwamba hushindani na wenzako, hakuna idadi iliyopangwa ya watu wa kufeli, wote mliomo chumbani mnaweza kupita siku hiyo hiyo.

Tangu tarehe 1 Aprili 2023, walipoleta toleo jipya la mtihani, maswali ni kuanzia 85 hadi 150 ndani ya saa 5. Kati ya hayo 15 ni ya majaribio, hayahesabiwi, wanayapima wayatumie baadaye, na huwezi kujua ni yapi. Sasa kwa nini mtu mmoja anaishia 85 na mwingine anakwenda 150? Kompyuta ikikukadiria haina uhakika, kwa hiyo inakuchorea kama uwanja wa mashaka kuzunguka lile kadirio, "huyu yuko hapa, lakini anaweza kuwa juu kidogo au chini kidogo". Kila ukijibu ule uwanja unapungua. Ukishafika 85, siku uwanja wote utakapokuwa juu ya mstari kwa uhakika wa asilimia 95, inazima, umepita. Ukiwa wote chini ya mstari, inazima pia, umefeli. Hiyo ndo 85 yangu ya kwanza, ilikuwa na uhakika kabisa kwamba siko tayari. Kama mstari bado uko ndani ya uwanja, inaendelea kukuuliza, na hiyo ndo 127 yangu. Ikifika 150 inaachana na mambo ya uhakika, inaangalia kadirio la mwisho tu, liko juu au liko chini. Na muda ukiisha kabla hujamaliza, kama hujafika 85 umefeli moja kwa moja, kama umepita 85 wanaangalia kadirio lako pale ulipoishia.

Kwa hiyo ukiona umevuka 100 usikate tamaa, maana bado uko kwenye vita, ungekuwa umeshafeli ingezima zamani. Na muda ukikubana tafadhali usianze kubofya bofya bila kusoma ili umalize, maana utakosa maswali mfululizo na kompyuta itakushusha ngazi kwa ngazi, bora ujibu machache kwa akili timamu. Ukigawa dakika 300 kwa maswali 150 ni dakika 2 kwa kila swali, zinatosha kama huli dakika 6 kwenye swali moja.

Tuje kwenye kinachotuangusha. Kwenye mpangilio wa mtihani wa 2023 eneo lenye maswali mengi kuliko yote ni uratibu wa huduma, asilimia 18 hadi 24. Dawa ni 10 hadi 16, usalama na kuzuia maambukizi 10 hadi 16, saikolojia 9 hadi 15. Watu wengi wanajifungia miezi miwili wanakariri magonjwa na dawa, halafu hilo eneo kubwa wanaligusa siku mbili za mwisho. Na ndilo linalouliza mipaka: nani anafanya nini, nani anaonwa kwanza, nini unapeleka kwa RN, nini unamwachia CNA, nini unakataa.

Mipaka ya LPN kwenye mtihani ni hivi. Mgonjwa wako ni yule aliyetulia, ambaye unaweza kutabiri kesho atakuwaje. Tathmini ya kwanza ya mgonjwa mpya ni ya RN, wewe unakusanya taarifa na kuzipeleka. Mafundisho mapya, mfano mtu kagundulika na kisukari leo, anaanza RN, wewe unayakazia yale yaliyokwisha fundishwa. Mpango wa huduma unachangia, huuanzishi. CNA unaweza kumwachia kupima presha na joto la mgonjwa aliyetulia, kuogesha, kutembeza, kulisha, lakini usimpe kumlisha mtu aliyepata kiharusi juzi ambaye hata kumeza hakujapimwa, na usimpe kitu chochote kinachohitaji kuamua. Swali litakuja hivi: asubuhi umepangiwa mwenye kidonda cha kisukari wa kubadilishiwa bandeji, mwenye nimonia siku ya 4 anaendelea vizuri, mwenye kiharusi cha wiki 3 zilizopita anayesubiri mazoezi, na aliyetolewa chumba cha upasuaji dakika hii, je yupi unarudi kwa RN kumwambia huyu hanifai? Ni yule wa upasuaji. Mtu wa CNA anaona "mbona namudu wote", na kazini kweli huwa anamudu wote, lakini mtihani haukuulizi hivo.

Hapa pana mtego unaotunasa sisi tuliofanya kazi nyumba za wazee miaka mingi. Kuna wodi ya kwenye mtihani na kuna wodi ya kwetu. Kwenye mtihani una vifaa vyote, wafanyakazi wanatosha, na mgonjwa wa mbele yako ndo mgonjwa pekee duniani. Kwenye kituo kimoja nilichokuwa nafanya shifti za usiku, vidonge vyote vilikuwa vinasagwa vinachanganywa kwenye uji wa tofaa, kila kidonge, maana wazee ni wengi na asubuhi inakaribia. Nikazoea. Kwenye mazoezi ya maswali nikawa nachagua kusaga hata kile cha kutoa dawa polepole kwa saa 12, ambacho ukikisaga mgonjwa anapata dozi ya saa 12 nzima kwa mpigo. Nililikosa swali la aina hiyo mara tatu kabla sijatambua kwamba mikono yangu ndo inajibu. Ukikwama usijiulize "kazini tunafanyaje", jiulize shule ilisemaje.

Na kuna mtego wa pili, huu hauandikwi kwenye vitabu vyao kwa sababu ni wa kwetu. Ni malezi.

Sisi mgonjwa akilia tunamwambia pole mama, usijali, utapona, Mungu yupo. Hiyo ndo huruma tuliyofundishwa na bibi zetu na ninaiamini mpaka leo. Kwenye mtihani "usijali utapona" ni jibu la kukosa karibu kila mara, kwa sababu umeahidi usichokijua na umemfungia mlango asiendelee kusema. Wanataka umwambie kitu kama "naona una hofu juu ya upasuaji wa kesho, niambie zaidi", halafu unyamaze, ukae hapo. Ukiona majibu manne na moja linampa mgonjwa nafasi ya kuongea, anza na hilo. Lile la "kwa nini hukumeza dawa" pia liogope, "kwa nini" inasikika kama kesi.

Kwetu ndugu ndo wanaambiwa kwanza, mgonjwa anaweza kuwa wa mwisho kujua ana saratani. Marekani taarifa ni mali ya mgonjwa, shangazi akipiga simu akiuliza vipimo vya mpwa wake mtu mzima, humpi, hata akilia, labda mgonjwa mwenyewe ameruhusu. Kwetu dokta akisema amesema. Kwenye mtihani dokta akiandika dozi ambayo inakutia shaka, ukiitoa umefeli hilo swali, unatakiwa uishikilie, umpigie, umuulize, na asiposikia unapanda kwa msimamizi. Kwetu mtu anayecheka hana maumivu. Kwenye mtihani mgonjwa akisema maumivu ni 8 kati ya 10 huku anaangalia simu anacheka, ni 8, unaandika 8. Haya mambo yalinikosesha maswali mengi kuliko dawa zote za moyo, na hakuna mwalimu aliyekuwa anaweza kuniambia kwa sababu kwao yalikuwa wazi kama maji.

Kuhusu Kiingereza, wengi tunajilaumu bure. Maneno magumu sio shida, shida ni vile vineno vidogo. Swali linaloomba sentensi ya mgonjwa inayoonyesha bado hajaelewa, hapo unatafuta sentensi yenye kosa, na ukisoma kwa haraka utachagua iliyo sahihi maana macho yanapenda ukweli. Swali la "cha kwanza" maana yake majibu yote manne yanaweza kuwa sawa. Mtu sukari yake imeshuka mpaka 58 (kwa mg/dL, kipimo cha Marekani), anatetemeka, yuko macho anaongea: kumpigia RN ni sawa, kuandika kwenye chati ni sawa, kumpa juisi nusu glasi ni sawa, kupima tena baada ya dakika 15 ni sawa. Cha kwanza ni juisi. Kama kuna kitu cha kuokoa kiko mikononi mwako na kiko ndani ya mipaka yako, kifanye halafu uite. Anayehema kwa shida unamwinua kichwa cha kitanda kabla hujatoka kwenda kutafuta mtu. Mimi nikawa naligeuza swali kwa Kiswahili kichwani kwa maneno yangu kabla sijaangalia majibu, "huyu anataka nini?", sekunde 10 tu, na ilinisaidia sana.

Toleo hili la 2023 limekuja na kesi. Utakutana na kesi zisizopungua 3 zinazohesabiwa, kila moja ina maswali 6, na ukishajibu hurudi nyuma. Watu wanaziogopa, lakini kiukweli ndo sehemu inayofanana na kazi halisi kuliko zote. Tuchukue moja niliyoitunga. Mzee wa miaka 78 ana moyo dhaifu, anatumia furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, na digoksini, dawa ya moyo. Ameharisha siku 3. Leo hataki chakula, ana kichefuchefu, anasema taa za korido zina duara la njano. Mapigo 52, presha 118 kwa 70, potasiamu 3.0, na ana kovu la upasuaji wa goti la mwaka juzi.

Swali la kwanza litakuambia chagua yanayokutia wasiwasi, unachukua kichefuchefu, taa za njano, mapigo, potasiamu, kuharisha, unaacha goti na presha. La pili yanaunganishwaje: kuharisha na furosemidi vyote vinamwaga potasiamu, ya kawaida ni 3.5 hadi 5.0, na potasiamu ikishuka digoksini inaukamata moyo kupita kiasi, hapo taa za njano zinakuwa na maana. La tatu kipi cha kwanza, anakauka maji au anapata sumu ya digoksini inayoweza kuvuruga mapigo? Sumu ndo itamuua mapema. La nne ungefikiria kufanya nini, la tano unafanya nini sasa: unasikiliza mapigo kifuani dakika nzima, chini ya 60 kwa mtu mzima unashikilia dozi, unamjulisha RN au dokta, na ile furosemidi ya asubuhi huitoi kabla hujaongea nao. La sita, utajuaje anapata nafuu: mapigo yanapanda, potasiamu inarudi, anakula, taa zimekuwa taa za kawaida. Hatua ni hizo hizo 6 kila kesi, uione, uiunganishe, uipange, uwaze, utende, uangalie. Hata lile swali lenye umbo la tai ya kipepeo (bow-tie), ugonjwa katikati, vya kufanya kushoto, vya kufuatilia kulia, ni hatua hizo hizo zimebanwa kwenye skrini moja.

Alama zake nazo zimebadilika na wengi hawajui. Zamani swali la chagua yote yanayohusika lilikuwa yote au sifuri. Siku hizi kila ulichopata ni +1, kila ulichokosea ni -1, na haishuki chini ya sifuri. Kwa hiyo kama una uhakika na matatu, chagua matatu uondoke, ukianza kuongeza ya kubahatisha unajila mwenyewe. Kila sentensi ipime peke yake, ni kweli au si kweli, usiilinganishe na jirani yake.

Maandalizi yangu ya mara ya kwanza yalikuwa mabaya na nadhani wengi watajiona hapa. Nilikuwa na apu 4, vitabu 3, video za kila mtu, sauti za kusikiliza kwenye basi, kila siku nagusa vyote na simalizi kimoja. Mara ya pili nikachukua benki moja ya maswali, maswali 60 kwa siku, siku 5 kwa wiki, na kusoma maelezo ya majibu kulinichukua muda mrefu kuliko kujibu. Hata niliyoyapata nilisoma, kwa sababu mengine nilipata kwa bahati. Nikawa na daftari, kila swali nililokosa naandika sababu moja kati ya tatu: sikujua, nilisoma vibaya, au nilitoka nje ya mipaka yangu. Wiki ya pili nikahesabu nikakuta yale ya "sikujua" hayafiki nusu. Hapo ndo nikaelewa kwa nini kukariri hakukunisaidia.

Vya kukariri vipo lakini havijai gunia. Potasiamu nimeshasema, sodiamu 135 hadi 145, INR, kipimo cha kuganda kwa damu, ya anayetumia warfarini kwa kawaida 2 hadi 3, lithiamu 0.6 hadi 1.2. Kifua kikuu, surua na tetekuwanga vinasafiri hewani, chumba chake na barakoa ya N95, mafua makali na kifaduro ni matone, barakoa ya kawaida inatosha. Ile bakteria ya kuharisha ya C. difficile haifi kwa sanitaiza, ni sabuni na maji. Kilo 1 ni pauni 2.2, aunsi ni mL 30, kijiko cha chai mL 5. Dripu ya mL 1000 kwa saa 8 ni mL 125 kwa saa, na kama seti yake ni matone 15 kwa mL, unazidisha 125 kwa 15 unagawa kwa 60, matone 31 kwa dakika. Na sisi tuliosoma au kuugua Afrika Mashariki tuwe makini na majina, mtihani unatumia majina ya dawa yenyewe (generic), sio ya kampuni, kwa namna ya Kimarekani, parasetamoli yetu huku ni asetaminofeni, salbutamoli ni albuteroli, adrenalini ni epinefrini. Nimeona mtu anayejua pumu nje ndani akakosa swali la pumu kwa sababu ya jina tu.

Kuhusu muda, usikae sana baada ya shule. Miezi miwili ya kusoma kwa utaratibu inatosha kwa wengi, ukikaa mwaka unabeba boksi ukisema nitasoma nikipata nafasi, kichwa kinamwaga. Kama unafanya shifti za usiku, punguza hata mbili kwa hizo wiki, najua kodi ipo na nyumbani wanasubiri hela, lakini ongea nao uwaambie wazi, mimi niliwaambia wadogo zangu miezi miwili msinitafute kwa ada na wakaelewa.

Na anayekuambia ana njia ya mkato, anauza maswali yaliyovuja au cheti cha shule bila kusoma, mkimbie. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kushtaki watu 25 kwenye mpango wa kuuza vyeti feki vya unesi zaidi ya 7,600 kutoka shule za Florida, na bodi za majimbo zikaanza kuwafuatilia waliovinunua mmoja mmoja. Hapo hela imekwenda, leseni imekwenda, na wewe ni mgeni kwenye nchi ya watu.

Makaratasi yana mambo mawili yanayokwenda pamoja, maombi ya leseni kwa bodi ya jimbo yenye ada yake, na kujiandikisha Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani, dola 200. Bodi ikikukubali unatumiwa ATT, ruhusa ya kufanya mtihani, ina tarehe ya mwisho na hawaongezi, ikiisha dola 200 zimekwenda. Kinachotutesa sisi ni majina. Pasipoti ina majina matatu, shule imeandika mawili, leseni ya gari imegeuza la babu kuwa la ukoo. Jina la kwanza na la mwisho kwenye kitambulisho lazima yafanane na yaliyo kwenye ATT, yasipofanana hauingii. Siku yenyewe fika nusu saa kabla, watakupiga picha, watakusoma mishipa ya kiganja, simu inafungiwa kwenye mfuko, unapewa ubao mdogo wa kuandikia na kalamu, kikokotoo kiko kwenye skrini. Baada ya saa 2 unapewa ofa ya kupumzika, kubali, unywe maji, japo muda unaendelea kuhesabika.

Majibu ya haraka yapo kwenye majimbo mengi, siku 2 za kazi, dola 7.95. Ule ujanja wa kujaribu kujiandikisha tena Pearson uone kama kadi itakataliwa, hautambuliki rasmi, achana nao, utakesha bure.

Ukifeli, bodi inakupa ripoti inayoonyesha kila eneo uko juu ya mstari, karibu na mstari, au chini. Mimi ya kwanza niliikunja nikaificha chini ya godoro wiki mbili nzima, nikaja kuifungua nikakuta dawa niko karibu na mstari, magonjwa niko juu, uratibu wa huduma chini, saikolojia chini. Yale mawili niliyoyadharau. Nikaacha kabisa kusoma moyo na figo, wiki 3 nikafanya mipaka na mazungumzo na wagonjwa peke yake, kisha nikachanganya yote. NCSBN inataka zipite angalau siku 45 kabla ya kurudia, majimbo mengine yana masharti yao ya ziada, na unalipa upya na kupewa ATT mpya. Ikifika, kabla hujachagua tarehe, toa kitambulisho chako uweke pembeni yake usome jina herufi kwa herufi, maana ya kwangu ya pili ilikuja imekosewa herufi moja, na kuirekebisha kulichukua siku 11.